Wana wa Chupa Wamebaki Wanne

Benchi letu liko Igoma, mbele ya karakana ya Pius, tunayemwita Kalibu kwa sababu anayeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria. Mimi ni Nahodha. Niliwahi kuvuka ziwa mpaka Bukoba kwa kasia moja. Asiyeamini aulize samaki. Rwekaza, Profesa wetu, aliokota kwenye robota la mtumba kijitabu cha mchezo wa vita vya miaka elfu ijayo, akatutafsiria, Kalibu akatumiminia askari wa alumini wenye urefu wa kidole. Kila mtu ana jeshi lake, na mkono wa mtu haugusi askari wa mwenzake. Jeshi likishindwa linarudi motoni, linakuwa mfuniko. Maige, fundi baiskeli, alichagua Wana wa Chupa: askari waliobadilishwa mbegu maabara ili wasijue woga. Lakini kila raundi, kabla ya risasi yoyote, dadu huondoka na mmoja wao, maana damu yao inakatika. Hawajawahi kushinda raundi hata moja. Jana walibaki wanne. Leo Maige hakutokea, na sheria yetu inasema asiyerusha dadu mpaka birika la kahawa liishe, jeshi lake limekwisha.

— Mimi moto nimeshawasha, alisema Kalibu. Kuna mama wa Kisesa anangoja mfuniko wake.

— Ngoja, alisema Salum muuza kahawa, akalitikisa birika sikioni. Humu kuna vikombe sita.

— Hata akija, Salum, alisema Kalibu, hawa ni wa kufa tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wamelelewa kwenye chupa, lazima wavunjike.

— Hujasoma wewe, alisema Profesa. Walichanganyiwa damu ya mamba. Mamba na mtu hawapikwi chungu kimoja.

— Mamba wapi? alisema Kalibu. Aliyewatengeneza kawawekea tarehe ya kuisha, kama maziwa ya pakiti. Wangedumu, nani angenunua wengine?

Nikaona wanapotea, nikawasaidia.

— Moyo wao uko kulia, damu inazunguka kinyumenyume. Nilimwona mtu wa hivyo Ukara. Akilima, anatoka jasho jekundu.

— Nahodha, hiyo kamba, alisema Profesa.

— Kamba ndiyo iliyonivusha ziwa.

— Si ulisema kasia?

— Damu nzito kuliko maji, Profesa. Ya kwao imezidi uzito, ndiyo maana imeganda.

Walicheka. Salum hakucheka. Nikagundua anamimina kahawa nusu kikombe, na hakuna aliyemlalamikia.

— Mlishawahi kumuuliza Maige kwa nini aliwachagua hao? alisema.

— Anapenda kushindwa, alisema Kalibu.

— Mimi nilimuuliza. Akaniambia daktari alimwambia mama yake huyu mtoto hafiki miaka kumi na minane. Leo ana thelathini na nne. Akasema, Salum, nataka nione wanafika raundi ya ngapi.

Profesa alifunga kijitabu. Wote tulikuwa tumeyaona macho ya njano ya Maige, na zile siku anazokaa ameshika magoti bila kusema. Tulikuwa tunamwambia ni baridi ya ziwa, avae sweta.

Ndipo akaja mwanamke mwenye kanga mabegani, anatembea haraka.

— Shikamooni. Mimi Suzana, dada yake Maige.

— Marahaba, mama. Yuko wapi?

— Yuko wodini tangu alfajiri. Selimundu, ule ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, imembana. Wanataka damu chupa mbili, kundi O, na mimi si O. Akaniambia nenda kwenye benchi, wale kila siku wanaongelea damu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani kati yenu ni O?

Profesa akamtazama Kalibu. Kalibu akaitazama mikono yake.

— Basi nani anajua kundi lake?

Miaka mitano tumebishana kuhusu damu kwenye benchi lile, na hakuna aliyejua yake. Niseme ukweli, kwa mara moja: darasa la nne walikuja manesi na sindano, nikaruka dirishani, na shuleni sikurudi tena. Lakini niliona hakuna anayeanza, nikainuka.

— Twende wakatupime.

Kalibu aliuzima moto kwa ndoo nzima ya maji. Akachukua sufuria yake kubwa, akawafunika wale wanne kwa juu, taratibu, bila kidole kugusa askari.

— Ameuliza pia, alisema Suzana, wamebaki wangapi.

— Mwambie wanne, alisema Kalibu.

— Na birika? Alisema nisisahau kuuliza birika.

Salum alilitikisa sikioni. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kikombe kimoja, labda pungufu. Akalifunika, akalibeba kwapani, akatufuata.

— Halijaisha, alisema.