Pakiti Niliyowashia Jiko

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu, hata kwa kinywa cha mjinga. Naanza na ujinga wenyewe: karibu mwaka mzima nilimlisha mwanangu ugonjwa kwa mikono yangu, vikombe viwili kila asubuhi, na nilikuwa nakoroga huku naomba.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kukaaga nyumbani. Kutoka Nyasho kwenda mjini kwangu ni safari. Lakini kidato cha nne nilimaliza, kusoma najua, na hapo ndipo aibu inapoanzia.

Binti yangu Nyamisi alikuwa na miaka minane tumbo lilipoanza kumvimba. Kila akila, anaharisha. Miguu ikawa myembamba, darasani akawa analala juu ya dawati. Tulienda hospitali Mwanza wakampima. Daktari akasema mwili wa huyu mtoto haupatani na ngano wala shayiri, hata kidogo inamuumiza utumbo. Akanisisitiza, "Mama, vya pakiti usome kwanza." Nikaitikia, ndiyo daktari.

Nikarudi Musoma nikafukuza chapati, maandazi na mkate kama mtu anafukuza pepo. Unga wa uji wa lishe sikuuhesabu. Ule ni chakula cha wagonjwa, nani atauogopa? Tena nilikuwaga na desturi yangu: nikitoka nao dukani naumimina kwenye ndoo, pakiti nawashia jiko. Upande wa nyuma sikuwahi kuugeuza.

Mtoto akazidi kuisha. Likizo nikampeleka kwa bibi yake, mama mkwe wangu, Mwitongo kule Butiama. Huko ni ugali wa muhogo na mtama, samaki, maziwa. Akarudi ana mashavu. Kukaa kwangu siku kumi, chini tena. Likizo iliyofuata, vilevile.

Ndugu zangu, mwenye akili angejiuliza kuhusu jiko lake. Mimi nikasema bibi amemfunga: mtoto akiwa kwake anamwachia, akiondoka anambana. Nikamwambia mume wangu, Nyamisi haendi tena Butiama. Bibi akawa anapiga simu, sipokei. Mtoto akaacha shule. Ikafika mahali haendi chooni bila kushika ukuta. Sare zake nikazificha chini ya kitanda nisizione.

Ndipo ikaja semina ya akina mama Bunda. Nikamwacha Nyamisi na shangazi yake, nikaenda kufunga na kumlilia Mungu. Nilitegemea jibu litoke madhabahuni, nao wakanipangia jikoni, uji wa watoto. Mama msimamizi wa jiko alikuwa amesahau miwani. Akanipa pakiti.

"Mama Nyamisi, wewe msomi wetu, hebu tusomee. Maji kiasi gani?"

Nikageuza nikasoma kwa sauti: mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano. Nikalirudia la mwisho: ngano. Ilikuwa pakiti ileile ninayonunuaga nyumbani.

"Sasa unalia nini? Maji ni mengi hivyo?"

Nilipiga simu nyumbani saa ileile, wakamwaga unga wote. Leo ni miezi saba. Tumbo limeshuka, kuharisha kumekoma, Nyamisi amerudi shule, ingawa anakaa na watoto aliowatangulia. Daktari anasema kimo alichopoteza huenda kisirudi chote. Hilo nalala nalo.

Siku hizi nasoma kila kitu: biskuti, sosi ya soya, kinywaji cha kimea, kumbe kimea chenyewe ni shayiri. Kisichoandikwa kilichomo, nakiacha. Mwenye duka letu akiniona anawaambia wateja, "Ficheni vitu, mkaguzi kaja."

Namshukuru Mungu aliyenifumbua macho jikoni. Na wewe mwenye mgonjwa asiyepona, mtegemee Bwana, usichoke kuomba. Ukishasema amina, geuza pakiti usome. Yeye hakasiriki.

Ushuhuda huu nilimsomea kwanza jirani yangu, Mama Magesa, akiwa anapara samaki mlangoni kwake. Nilingoja aseme amina. Hakuinua hata uso. Alisema: "Kanisani utasema, sawa. Yule mama wa Butiama ulimwita mchawi, na simu yake mpaka leo hujapokea. Kwake unaenda lini?"