Mzee Marufuku na Kikombe Chake cha Chai

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Kliniki yetu ya Mzio na Magonjwa ya Kinga atarudisha funguo na kwenda nyumbani. Mhariri wa jarida hili alizunguka ofisi hadi ofisi akitafuta wa kumwandikia wasifu, na kila aliyeulizwa alikumbuka ghafla kwamba ana wagonjwa. Mimi, naibu wake, nilikubali kwa sababu Mkuu mwenyewe alinisimamisha koridoni akaniambia, "Usinipambe. Andika ukweli tu." Watu husema hivyo wakitaka wapambwe zaidi. Mimi nimemtii kama alivyosema.

Tuanze na sifa, maana zipo. Alipoajiriwa, kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda na feni iliyozunguka pale ilipotaka. Miaka ile mtoto mwenye mzio wa maziwa akiletwa midomo imevimba na kifua kinapiga filimbi, Mkuu alichoma sindano kabla mama hajamaliza kueleza. Wapo watu wazima wanaotembea leo kwa sababu ya mkono ule. Na ni yeye aliyetufundisha sote kwamba kingamwili, wale askari wa damu wanaoulinda mwili, si za aina moja. Zipo zinazowasha moto mwilini mara tu mtoto anapoonja maziwa. Zipo na nyingine zinazoonyesha tu kwamba mwili umekizoea chakula, kama mlinzi wa geti anavyozizoea sura za wafanyakazi. Hizo za pili si ugonjwa. Karibu kila anayekula anazo.

Kisha ikaja mashine.

Ililetwa na mchuuzi mwenye viatu vya kung'aa, aliyeahidi kwamba tone moja la damu litataja chakula kinachomdhuru mtu. Ilipima kingamwili za aina ya pili, zile za mazoea. Mkuu alilijua hilo fika. Lakini mashine ilikuwa na skrini ya rangi, ilitoa karatasi yenye michoro ya kupendeza, na wageni wa heshima walipenda kupigiwa picha mbele yake. Tangu siku hiyo, namba ikiwa juu, marufuku. Viungo vinauma? Acha maziwa. Nywele zinakatika? Acha maziwa. Tezi, tumbo, ngozi, mtoto kuwa mzito wa hesabu? Maziwa, na mayai juu yake. Wauguzi wakambatiza Mzee Marufuku, naye akadhani ni jina la heshima.

Siku ya uzinduzi alijitolea damu yake mwenyewe mbele ya hadhara, kikombe cha chai ya maziwa kikiwa mkononi. Huyu ni mtu ambaye chai hiyo haimkaukii mezani tangu asubuhi hadi jioni. Mashine ikasema kile inachokijua: kingamwili zake za maziwa zilipanda hadi ukingo wa juu wa karatasi. Mkuu akaitazama karatasi, akakitazama kikombe, akapiga funda, akasema, "Kwa mtu mzima haihesabiki." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Chai hiyo ilipikwa na mpishi wetu wa kantini, tunayemwita Mama Birika. Binti yake, aliyekuwa akinywa maziwa kila siku bila tatizo, alitokwa na ukurutu kwenye viwiko. Akapimwa, namba ikawa juu, ingawa haikuifikia ile ya Mkuu. Akakatazwa maziwa na chochote kilichowahi kukutana na maziwa. Mtoto akawa anatembea na kikombe na kijiko chake mwenyewe kila aendako, mpaka tukamwita Kijiko. Kila asubuhi Mama Birika alichemsha maziwa ya Mkuu, kisha akanawa mikono hadi viwikoni kabla ya kumgusa mwanawe. Ukurutu wenyewe haukuondoka.

Kijiko akafaulu mitihani, akapata nafasi katika shule ya bweni ambayo mama yake aliiota kwa muda mrefu. Mwalimu mkuu akasema wazi kwamba hampokei mtoto anayeweza kumfia kwa bakuli la uji wa maziwa. Alete barua ya daktari, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mama Birika akaingia ofisini kwa Mkuu na trei mkononi. Nilikuwepo.

"Bosi, mwanangu hajawahi kuvimba hata ukope. Mjaribuni tu, nawaombeni."

Mkuu akakoroga chai yake. "Mama, namba iko juu. Mimi sibishani na namba."

Nilimchukia siku ile, na sioni haya kulisema.

Njia ya kujua ukweli ni ya zamani na haihitaji skrini. Unamwonjesha mtoto maziwa kidogo kidogo, sindano ikiwa tayari pembeni, nawe humwondolei macho. Chumba cha kazi hiyo tunacho, ila Mkuu alikijaza ngao na vyeti vyake. Aliposafiri kwenda kupokea ngao nyingine akaniachia kukaimu, tulizisogeza zote ukutani, tukaweka kiti.

Tone moja mdomoni, kisha kusubiri. Kijiko kimoja, kile chake mwenyewe, kisha kusubiri tena. Mama Birika alisimama mlangoni, hakuthubutu kusogea, kana kwamba mikono yake bado ina maziwa. Mwishowe kikombe kizima. Ngozi shwari, kifua shwari. Mtoto akajifuta sharubu nyeupe, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Ndiyo hii tu?" Mama yake akacheka, halafu akaketi sakafuni akalia. Barua ya shule niliiandika palepale.

Mkuu aliporudi alitangaza katika jarida hilihili kwamba mtoto amepona chini ya matibabu yake. Akapewa ngao. Akaipachika katika chumba kilekile, na akaendelea kupiga marufuku.

Tarehe moja mwezi ujao, nitakapokalia kiti chake, ngao zinashushwa. Watoto wote waliokatazwa maziwa kwa namba ya mashine ile wameshaitwa waje waonjeshwe, na viti vimeshaagizwa.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa kantini, na wote mnakaribishwa chai ya maziwa ya Mama Birika. Kijiko, ambaye sasa amempita mama yake kwa urefu, ameomba ruhusa shuleni ili amhudumie mstaafu wetu kwa mikono yake mwenyewe. Atamletea chai ya rangi, isiyo na hata tone la maziwa. Nilimuuliza mama yake kama ni haki kumtendea hivyo mzee wa watu siku ya kuagwa. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Namba yake iko juu, Daktari. Mimi sibishani na namba."

Asante, Mkuu, kwa sindano za miaka ile ya mwanzo. Upumzike salama, uishi miaka mingi yenye afya. Sukari utawekewa kiasi unachotaka.