Aliyeifundisha Skrini Kusema "Sijui"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha kusafisha maji, Mhandisi Mkuu wa Mifumo ya Udhibiti, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na waendesha mitambo katika mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kumgombeza mtu huku akimmiminia chai. Siku hizi hata mkuu wa kituo, ambaye kwa umri ni kaka yake, humwita Shangazi.

Alikuja kazini mwaka uleule kilipofungwa kipima klorini kwenye bomba la kutokea maji. Kampuni iliyokitengeneza imeshakufa, lakini chenyewe bado kinadunda. Kina njia moja tu ya kuzungumza: waya mnene wenye plagi ya pini tisa, inayochomekwa kwenye poti ya siriali nyuma ya kompyuta. Namba hupita humo moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Shangazi aliubandika waya huo kikaratasi kilichoandikwa, "Usinichomoe, naongea." Wafagiaji walikiheshimu kuliko matangazo yote ya utawala.

Mkobani hubeba plagi ndogo ambayo pini zake mbili ameziunganisha kwa kibanio cha karatasi. Ukiichomeka kwenye poti, kompyuta husikia maneno yake yenyewe yakiirudia. Isipoyasikia, ubovu uko kwenye poti. Mume wake, mwalimu wa hesabu, hulalamika kwamba mkewe husahau funguo za nyumba kila wiki lakini kile kibanio hajakisahau hata siku moja.

Kompyuta iliyokuwa ikisoma kipima ilipozeeka, iliamuliwa programu yake ihamishiwe kwenye kompyuta pepe. Kwa wasiojua, kompyuta pepe haina kasha wala waya. Inaishi ndani ya seva, yaani kompyuta moja kubwa, pamoja na nyingine nyingi, kama mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi. Ni jambo la ajabu, na lina tabu yake: kompyuta pepe haina mgongo. Huwezi kuizunguka ukatafuta tundu la kuchomeka waya.

Shangazi alipata njia. Aliuchomeka waya kwenye poti ya seva yenyewe, kisha akaiagiza seva imkabidhi mpangaji poti ile. Siku ya kwanza kimya kitupu. Alitoa kibanio chake, akahakikisha poti ni nzima, ndipo akagundua kwamba seva ilikuwa imeing'ang'ania poti hiyo kwa mambo yake, kama mwenye nyumba anayekodisha chumba na kubaki na ufunguo. Poti ya siriali haishikwi na wawili. Alipoipokonya seva, namba zikaanza kutiririka, na mtaalamu wetu wa seva akaagiza maandazi kwa idara nzima.

Miezi michache baadaye likatokea lile ambalo wengi wetu tutalisimulia hata tukizeeka. Shangazi aliingia chumba cha udhibiti asubuhi na kikombe chake, akatazama skrini, akasimama. Klorini ilisomeka vizuri kabisa, mahali panapotakiwa. Waendesha mitambo walimwambia mambo ni shwari, leo hata haichezi. Naye akajibu kwamba hilo ndilo linalomtisha, maana maji yanayopita hayatulii namna ile. Tarakimu ya mwisho lazima itetemeke.

Aliagiza valvu ya kupeleka maji mjini ifungwe, akamtuma mpimaji wa maabara achote maji kwa mkono. Klorini ilikuwa karibu kwisha. Mtungi wa klorini ulikuwa ukiishiwa, na skrini ilikuwa bado inaonyesha namba ya mwisho iliyoisikia. Maji yale hayakuwa yamevuka tangi la akiba. Mji mzima uliendelea kunywa maji salama yaliyokuwa tayari kwenye mabomba, watoto wakajaza chupa zao za shule, na hakuna aliyejua kwamba usalama wao ulikuwa umening'inia kwenye tarakimu moja iliyoacha kutetemeka.

Kilichotokea ni hiki. Seva zetu zilikuwa zimepangwa kusaidiana: moja ikielemewa, mpangaji huhamishiwa nyingine bila hata kuzimwa. Asubuhi hiyo kompyuta pepe ilihama. Waya haukuhama. Ulibaki umechomekwa kwenye seva ya zamani, ukiongea na chumba kitupu. Tangu siku ile mtaalamu wa seva anaitwa Dalali, na amelikubali jina kwa moyo mkunjufu.

Shangazi alifanya mambo mawili. Kwanza, alifunga kando ya kipima kisanduku kidogo kinachopokea maneno ya siriali na kuyapeleka kwenye mtandao, hivyo mpangaji ahamie chumba chochote, maneno humfikia. La pili lilizua ubishi. Alitaka skrini ikikosa habari kwa sekunde chache ifute namba na kuweka mstari mtupu. Mkuu wa kituo aliona wageni wataingiwa na hofu. Shangazi alimwambia, "Kaka, mstari unaosema sijui haujawahi kumuua mtu. Namba nzuri ya uongo inaweza." Mkuu akatia saini.

Wiki iliyopita alituita wote kwenye chumba cha udhibiti. Aling'oa kile kikaratasi, akataka kila mmoja wetu, kuanzia mkuu hadi Dalali, auchomoe waya kwa mkono wake na kutazama. Kila mara namba ilitoweka na mstari ukatokea. Kila mara tulikimbilia kuuchomeka tena, naye akacheka hadi akafuta machozi.

Shangazi, asante kwa kila lita. Nenda ukapumzike na mwalimu wako, na safari hii ukumbuke funguo. Jumatatu kiti chako kitakuwa kitupu, nasi hatutajifanya kana kwamba umekikalia. Kama ulivyotufundisha, mahali pako tutaweka mstari.