Bwana Alivyotutoa Kwenye Handaki la Mzee Ezekieli

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Na yeyote aliyechoshwa na mtu wa nyumbani mwake aitikie mara ya pili, maana ushuhuda huu ni wake.

Mimi ni Bibi Perpetua wa Nyamiaga. Mume wangu, mzee Ezekieli, alipigana vita vya Uganda. Alirudi mzima, mikono yote, miguu yote, nikamshukuru Mungu. Kumbe amerudi na handaki. Alilichimba nyuma ya jiko langu, akang'oa na mgomba wangu mzuri. Nikisema, ananijibu, "Perpetua, wewe hujui ndege."

Miaka mingi halikutusumbua, maana Ngara ilikuwa na ndege gani? Lakini wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo, ndege za misaada zikaanza kupita chini sana juu ya mapaa yetu. Ndugu zangu, nilikoma. Ikinguruma tu, mzee anatusukumiza shimoni, mimi na wajukuu na wageni. Siku moja alimsukumiza Mama Konsolata, mkimbizi wa watu, aliyekuja kuomba chumvi na mtoto mgongoni. Maharage yanaungua, sisi tumechutama kama panya, naye anapiga kelele, "Haraka! Mabula alichelewa!"

Mabula alikuwa askari mwenzake, Msukuma, rafiki wa kufa na kuzikana. Ndege ilipowashambulia karibu na Masaka, Ezekieli aliwahi kuingia handakini, Mabula akafia ukingoni. Tangu hapo, kwa mzee wangu, kila anayetembea polepole ni Mabula.

Nikaomba Bwana azigeuze ndege zipite kwingine. Mwinjilisti Filberti akaniambia, "Mama, hizo zina unga wa watu. Omba kingine." Nikaomba mvua ilijaze shimo. Mvua ikaja, ukuta wa handaki ukamwangukia mjukuu wetu Veronika mguuni. Mama yake, binti yangu Skolastika, akaja kutoka Nyakahura, hata kiti hakukikalia.

"Shikamoo, mama. Baba akiendelea hivi, baada ya mavuno nawachukua wanangu."

Nyumba bila wajukuu, ndugu zangu, ni nyumba au ghala?

Ndipo mpwa wetu Deusi, dereva wa lori aliyehamia Masaka, akatualika kwenye harusi yake. Mzee akavaa kofia ya ukindu, akatundika shingoni kamera ya kuazima isiyo na filamu. "Safari hii naenda kama mtalii," akasema. Mtalii gani huyo? Tangu Mutukula mpaka Masaka hakunyamaza: hapa tulilala, pale tulipika, kilima kile tulikipanda kwa magoti. Dereva wa basi akamwambia, "Mzee, kama vita bado ipo, nikushushe?" Basi zima likacheka. Mimi nikajifunika kanga usoni.

Harusi ilipokwisha, akamng'ang'ania Deusi mpaka akatupeleka kwenye shamba la migomba walikochimba lile handaki. Tukamkuta bibi wa makamo yangu, wanamwita Nalongo, kwao maana yake mama wa mapacha. Kiswahili chake kidogo alikipata kwa askari wetu. Akamtazama mzee toka kofia hadi viatu.

"Mkombozi," akasema, ndivyo walivyowaita askari wetu, "nyinyi mlikata migomba yangu mkafunikia shimo. Hata asante hamkusema."

"Utusamehe, mama. Shimo lipo?"

"Lipo. Navundikia ndizi."

Akafunua majani. Mikungu imelala mle ndani, imeiva, inanukia mpaka tumbo likanguruma. Mzee akasimama ukingoni, akaanza wimbo wake: "Hapa ndipo Mabula alipochelewa..."

"Yule mrefu?" Nalongo akamkatiza. "Hakuchelewa. Alikuwa ameshafika. Akanisukuma mimi kwanza. Kile kilichokuangukia mgongoni ulidhani ni udongo? Ni mimi."

Mzee akavua kofia. Akaketi ukingoni, miguu ndani ya shimo, akalia. Nalongo akamwacha alie, kisha akamsukumia kibuyu cha juisi ya ndizi. "Kunywa, mtalii."

Tukarudi Nyamiaga. Kabla hata sijafungua mizigo, nikamsikia na jembe. Nikasema, Bwana, anachimba lingine? Kumbe anazichonga kuta za handaki zilale, zisimwangukie mtu. Halafu akakata mikungu. Yeye shimoni anapanga, mimi juu nampokeza, mara ndege ikapita chini mpaka majani ya migomba yakatikisika. Aliyetaka kurukia shimoni ni mimi, kwa mazoea. Yeye alikuwa amenyoosha mikono tu.

"Lete mkungu, Perpetua. Hiyo ina unga wa watu."

Skolastika alikuja baada ya mavuno kama alivyosema. Akanywa juisi, akaongezewa, akarudi Nyakahura peke yake. Veronika na wenzake wapo, wananimalizia ndizi.

Namshukuru Bwana. Nilikuwa nikinung'unika kwamba anachelewa; neno hilo sasa silitumii ovyo. Nawe mwenye mtu wa namna hii nyumbani, usimwache, mshikilie mbele za Yesu. Bwana hakulifukia shimo letu, alilitilia ndizi. Ukipita Nyamiaga karibu unywe. Ila mzee atakusimulia safari ya Masaka, na ataanzia Mutukula. Uvumilie. Mimi nimevumilia.