Mama Mkwe Alivyonirudisha Hospitali

Watu wa Mungu, hamjambo? Mchungaji, asante kwa kunipa maikrofoni. Najua wengi wenu mmenizoea nikiwa nimeshika kitana, si hii. Mimi ndiye yule msusi wa pale karibu na soko, na nusu ya vichwa ninavyoviona hapa mbele nimevisuka mwenyewe. Leo nimeombwa niseme kwa nini nachangia kikundi cha akina mama wetu wa hapa Kitengela, wale wanaosaidia wagonjwa wa saratani ya matiti. Niko na sababu, na inaanzia kwa mwili wangu.

Niligusa kitu nikioga. Uvimbe mdogo, mgumu, kwa titi la kushoto. Haukuuma. Na kwa sababu haukuuma, nilijiambia ni maziwa, ingawa mtoto wangu wa mwisho alikuwa tayari anaenda shule! Ndugu zangu, nawaambia, mtu akiogopa anaweza kujidanganya hata mambo ya kuchekesha.

Mume wangu anafanya kazi ya kupitisha mizigo huko Namanga, anakuja nyumbani wikendi. Nilipomwambia, aliacha chakula kwa sahani. Tukaenda hospitali, wakakata kipande kidogo wakapima. Ilikuwa saratani. Daktari alikuwa binti mpole. Alituambia, "Tumeipata mahali tunaweza kuitibu, lakini titi lazima litoke."

Likatoka. Na hilo nilivumilia. Nilivaa sweta kubwa, nikarudi kazini. Kilichoniangusha ni nywele.

Mnielewe vizuri. Kwa msusi, kichwa chako ndicho bango lako. Kemo, ile dawa kali ya saratani, ilipoanza, nywele zilitoka mafungu mafungu kwa mto, kwa beseni, kwa mikono yangu. Nikajifunga kilemba. Siku moja mteja wa miaka mingi akaja, akasimama tu mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, samahani, huu ugonjwa hauwezi kupita kwa kitana ukanishika?" Hakuwa na ubaya, aliuliza tu asichojua. Lakini nilifunga saluni siku hiyo hiyo. Siku ya dawa ilipofika, sikwenda. Mume wangu akanibembeleza kwa simu, nikaizima. Nilimwambia Mungu, nimechoka, chukua na roho iliyobaki.

Sasa, niwaambie kuhusu mama mkwe. Mimi nilizaliwa Murang'a, nikaolewa na Mmaasai. Mama yake anaishi huko ndani, mbele ya Isinya, na tangu harusi nilikuwa namwogopa. Ni mama wa maneno machache. Nilihisi ananiona mimi ni wa mjini tu, mke wa rangi ya kucha. Tulikuwa tumemficha ugonjwa wangu, ati asisumbuke.

Lakini mume wangu alipoona simu imezimwa, alimpigia.

Nilikuwa kitandani mchana nikasikia mlango unafunguliwa na sauti inaita, "Takwenya!" Hiyo ni salamu yao kwa wanawake. Nikajibu "Iko," huku natafuta kilemba. Sikukipata. Akaingia, akanikuta hivyo, kichwa wazi kama yai.

Akanitazama. Kisha akatoa leso yake kichwani. Mnajua mama zetu wa Kimaasai wananyoa. Kichwa chake kiling'aa vile kimekuwa kiking'aa miaka hiyo yote, na akaanza kucheka.

"Mbona unajificha?" akasema. "Mimi nimekuwa hivi maisha yangu yote. Sasa ndiyo umekuwa mtu wa kwetu."

Nikacheka pia, halafu kicheko kikageuka kilio. Akakaa kando yangu. "Nionyeshe mahali walikata."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniomba hivyo. Hata mume wangu alikuwa anaangalia pembeni, maskini, kwa huruma. Nikafungua sweta. Yeyo, ndivyo ninavyomwita, yaani mama, akaweka kiganja chake chote juu ya kovu, akakiacha hapo.

"Inauma?"

"Kidogo, Yeyo."

"Dawa ni lini?"

"Siku imepita. Sikuenda."

"Basi tutaenda kesho. Mimi sijui hizo barabara za Nairobi. Lazima unipeleke."

Mnaona vile alinishika? Hakuniambia nitibiwe. Aliniambia nimpeleke yeye!

Tukaenda. Nesi alinigombeza kidogo, akanipanga tena kwa orodha ya dawa. Pale kwa benchi akatukuta mama mmoja wa hiki kikundi chetu. Hakuhubiri. Alisema tu, "Hata mimi nilikaa hapo ulipo." Akatoa kwa mkoba titi la kitambaa, limeshonwa kwa pamba, laini, akanionyesha vile linaingia kwa sidiria. Niliposimama, mabega yangu yalinyooka yenyewe. Nilikuwa nimesahau kusimama wima.

Yeyo akalishika, akaligeuza geuza. "Hivi vitu mnatoa wapi?"

"Watu wanatupatia, Mama."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Akanirudishia. Kisha akasema, "Na mimi si ni mtu?"

Mnakumbuka kiangazi kilichomaliza ng'ombe wetu. Kwa boma la Yeyo walibaki wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa mtamba mwekundu aliyemlisha kwa mkono, akimkatia majani, akimnywesha kwa sufuria ya kupikia. Huyo ndiye aliyemleta hapa kwa uwanja wa kanisa siku ya harambee ya kikundi. Mume wangu alijaribu: "Yeyo, huyo ndiye angekuzalia wengine." Akajibiwa, "Na huyu mke wako je? Walimwokota mahali mimi nisingefika. Nitawashukuru kwa maneno tu?"

Mtamba alinadiwa, na pesa zake zikawapatia akina mama wa kutoka mbali, Kimana na Namanga, mahali pa kulala karibu na hospitali. Mmoja wao, mkulima wa vitunguu, amemaliza matibabu na amerudi shambani.

Mimi pia nilimaliza kemo. Bado naenda kupimwa, na kila nikienda naogopa majibu, siwadanganyi. Lakini saluni imefunguliwa. Mama anayeanza kemo akija, nafunga mlango, naweka chai, namnyoa bure. Wengine wanalia, wengine tunacheka. Na mwezi huu mapato yangu ya Jumamosi nayapeleka kwa kikundi.

Nawashukuru madaktari na manesi. Nawashukuru nyinyi mlioniletea uji wakati sikuweza kumeza kitu. Mume wangu, asante kwa ile simu uliyopiga.

Kama uko na kitu, toa. Kama huna, nenda ukakae na mtu kwa lile benchi. Na usiogope kumgusa mgonjwa. Mimi niliponywa na dawa, lakini nilirudi kuitafuta kwa sababu ya kiganja cha mtu.

Niishie hapo. Manesi wameweka hema nje, wanapima matiti bila malipo baada ya ibada. Yeyo hajawahi kupimwa maishani mwake. Msimtafute humu ndani. Ameshakaa kwa kiti cha kwanza cha foleni, na ameniambia nisiongee sana, asije akabadilisha mawazo. Akina mama, twendeni tusimame nyuma yake.