Tarehe Ambayo Mzee Mukhisa Hakuiandika Ubaoni

Tarehe 1 Januari 2026, Mzee Zachary Mukhisa anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya kumbukumbu kwa miaka thelathini na saba na miezi tisa. Alianzia Bungoma mwezi Aprili 1988, karani kijana wa kufunga tai kila siku. Mwaka 2003 alihamishiwa hapa Kitale na, tunashuku, akaja na tai ile ile.

Mjini wengi wanaujua ubao wake wa mlangoni, wenye kichwa "Siku Kama ya Leo". Kila asubuhi kabla ya chai aliandika kwa chaki tukio moja la tarehe hiyo. Tarehe 12 Desemba ni uhuru, 1963. Tarehe 1 Agosti ni jaribio la mapinduzi, 1982. Tarehe 22 Agosti ni kifo cha Mzee Kenyatta, 1978. Watu wa sokoni walipita kuusoma ndipo wakafungue biashara.

Ubao ule haukuwa pambo. Wazee wengi wa huku walizaliwa nyumbani wasiandikwe popote, na walipofika shuleni au kwa chifu wakapewa 1 Januari. Waliotaka tarehe yao ya kweli walimwendea Mukhisa, naye aliwauliza siku hiyo kulikuwa na nini. Mama Phelista wa Kachibora alisema alizaliwa siku jua lilipofichwa mchana, kuku wakaingia kulala. Mukhisa alifungua daftari lake: kupatwa kwa jua, 30 Juni 1973. Shangazi wawili wa mama huyo wakaja kuthibitisha. Phelista alilia pale kaunta, maana alikuwa na wajukuu tayari na ndiyo mara ya kwanza alikuwa na siku yake.

Mukhisa alikuwa na sheria moja tu. Tukio liwe limeandikwa, na mashahidi wa kuzaliwa wawe wawili, la sivyo haandiki barua ya kuthibitisha tarehe. Dereva wetu Kipruto, aliyekaribia miaka sitini ya kustaafu, alimbembeleza mwezi mzima: "Mzee, si unipunguzie tu miaka miwili, bana? Nani atajua?" Mukhisa alimwambia atajua yeye, kisha akamnunulia chai. Kipruto alistaafu kwa wakati wake.

Mukhisa mwenyewe ni wa 1 Januari vilevile, 1966 kwenye karatasi. Kila mwaka mpya tulipompongeza alitukatiza: "Hiyo ni siku ya mwalimu aliyeniandikisha. Mpelekeeni yeye keki."

Mwaka 2021 mama yake, Mama Sellah wa Kanduyi, alipougua, alimwambia mwanawe kwamba alimzaa siku babu yake Mukhisa alipozikwa. Mukhisa alikwenda kanisani, akafunguliwa kitabu cha maziko: Jumamosi, 14 Oktoba 1967. Tarehe hiyo ingemwongezea miezi ishirini na moja kazini, na hakuna mtu niliyemwona akiipenda kazi hii kama yeye. Barua niliiandaa mimi mwenyewe, ikabaki sahihi tu. Lakini kitabu kilikuwa na siku ya maziko, si ya mtoto. Mkunga alikuwa amekufa zamani, na Mama Sellah alifariki wiki ile ile. Alikuwa shahidi mmoja.

Mukhisa aliisoma barua, akaikunja, akanirudishia. "Wangechi," alisema, "nimerudisha wazee wa watu nyumbani juu ya shahidi mmoja. Sasa mimi ni nani?"

Nilimkasirikia siku tatu. Hata leo inaniuma, kwa sababu nilimwamini Mama Sellah, na yeye alimwamini kuliko mimi.

Mzee Mukhisa, asante. Umewapa watu wengi siku yao, na sisi umetufundisha kazi. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi na mahindi mazuri shambani Kanduyi.

Chaki umetuachia, na tumekubaliana jambo bila kukuomba ruhusa. Tarehe 14 Oktoba mwaka huu unaoanza, ubao utasema: Siku kama ya leo, 1967, alizaliwa Zachary Mukhisa. Tunajua shahidi ni mmoja. Ukitaka kuufuta, itabidi uje mwenyewe.

Emmy Wangechi, kwa niaba ya wenzako, Kitale