Laurencia Ndunguru na Wageni wa Zahanati ya Kipandeni

Baba Paroko, Mzee Matano mwenyekiti wetu wa kijiji, mashehe mliokuja kutushika mkono, ndugu wa kutoka Mbinga ambao bado mnasikia boti ikiwayumbisha, majirani na waombolezaji wote, tumsifu Yesu Kristo, asalaam alaykum, nami kwa jina naitwa Fortunatus Ndunguru, mdogo wake marehemu, niliyemfuata hapa Kipandeni nikabaki, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Shemeji yangu Isdory ameniomba nisome polepole na kwa utulivu, lakini nasema mapema kwamba sitaweza, maana dada huyu alinifurahisha miaka yote ya uhai wangu na hata leo nikitamka jina lake kifua kinanijaa.

Laurencia Benedict Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Langiro, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Benedict Ndunguru, mkulima wa kahawa, na Mama Kresensia, na alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Songea hadi 1986, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga, akahitimu Novemba 1990, na siku aliyorudi nyumbani na kofia yake nyeupe aliwapima presha wanaukoo wote hadi babu, ambaye alikataa kuvua koti na akapimwa juu ya koti.

Alianza kazi Songea mwaka 1991, na tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Isdory Kapinga, mtu mpole, ambaye alikubali mambo mengi kabla hajajua ameyakubali. Januari 1997 wote wawili walihamishiwa Mafia, yeye akapangiwa zahanati ya Kipandeni, huku kaskazini njia ya kwenda Bweni, na Isdory shule ya jirani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Goodness aliyezaliwa 1996, Benedict aliyezaliwa 1999, na binti wa mwisho aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2002 hapahapa Kipandeni, siku ambayo mkunga pekee wa serikali kijijini ndiye aliyekuwa na uchungu, basi akazalishwa na Bi Somoe, mkunga wetu wa jadi, na mtoto akaitwa Somoe, jina ambalo wazee wetu Mbinga walihitaji wiki nzima kulizoea.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo yalipo maisha yake. Kwa miaka ishirini na zaidi zahanati ile ilihudumia kijiji chetu na vitongoji vyote vya jirani ikiwa na muuguzi mmoja, kitanda kimoja cha kuzalia na dawa zilizokwisha kabla ya mwezi kwisha, na kila serikali ilipoleta mtumishi wa pili, mtumishi huyo aliiona barabara yetu wakati wa masika, akaiona nyumba aliyopangiwa, na kabla hajafungua sanduku mama yake mzazi alikuwa ameugua huko bara na uhamisho umeombwa. Laurencia hakuwalaumu, alisema kijana aliyeachwa peke yake na wajawazito ana haki ya kuogopa, ila yeye alitaka jambo moja tu kabla hajafa, awepo muuguzi wa pili Kipandeni, ili muuguzi mmoja akimpeleka mama hospitali ya Kilindoni, mama mwingine asikute mlango umefungwa.

Mwezi Agosti 2019 tukapata habari njema, kwamba wageni kutoka bara wanapita kuangalia zahanati zenye shida ili wagawe watumishi wapya, na hapo, waombolezaji, wema wenu ndio ulioharibu. Siku hiyo Laurencia alikuwa ameondoka na mgonjwa kwenda Kilindoni, na kina mama wakiongozwa na Bi Somoe wakaona ni aibu isiyosemeka wageni kuikuta zahanati ya kijiji katika hali ile, wakaifagia, wakatundika mapazia, wakaleta mashuka ya harusi, wakabeba kitanda cha samadari, kile cha nakshi cha Bi Somoe mwenyewe, na kukiingiza chumba cha kuzalia, na wajawazito wote wakaambiwa wabaki majumbani wasije kuleta msongamano. Wageni walipomuuliza muuguzi waliambiwa ametoka kidogo tu, anarudi sasa hivi, wakakaribishwa wali wa nazi na pweza, wakala wakashiba, wakasifu usafi, na wakaandika kwamba Kipandeni haina shida, muuguzi mmoja anatosha, yule wa pili apelekwe kwingine.

Dada aliporudi jioni na kukikuta kile kitanda cha nakshi kimesimama kati ya ndoo na mizani ya watoto, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na alipomaliza kucheka akalia, na Bi Somoe akalia naye bila kujua sababu, kwa kuwa alidhani wamefanya vizuri.

Wageni waliporudi kukagua upya, tarehe 9 Februari 2021, Laurencia alikuwa amekwisha kuitisha kikao na kuwaomba wanakijiji wasiguse kitu. Kikao kilikuwa kikali, wengine mliopo hapa mlimjia juu, na Bi Somoe alisimama akasema kwamba yeye tangu azaliwe hajamtandikia mgeni mkeka uliotoboka na hataanza uzeeni. Laurencia akamjibu kwa adabu kwamba hao si wageni, mama yangu, hao ndio wenye nyumba, zahanati ni ya serikali na sisi tumewatunzia tu, na mwenye nyumba akifichwa paa linalovuja nani atalitengeneza, na ninyi mkiificha shida yangu mnanisitiri mimi lakini mnawavua nguo binti zenu. Bi Somoe akakubali, ila alishindwa kabisa kujizuia asilete sinia moja la vitumbua.

Na siku hiyo Mungu aliipanga mwenyewe. Wageni waliingia saa nne asubuhi wakakuta kina mama wamekaa mpaka barazani, Safia yuko juu ya kitanda na Shamsa yuko kwenye mkeka, wote wawili uchungu umepamba moto, na muuguzi ni mmoja. Laurencia hakuwaamkia, alimkabidhi kiongozi wao, Bwana Sadick, chupa ya dripu akamwambia aishike juu wala asiishushe, kwa kuwa stendi haipo, na yule bwana mwenye suti akasimama na mkono juu, jasho likimtoka, huku dada akipita kati ya wanawake wawili na Bi Somoe akimsaidia, mpaka watoto wawili wakalia karibu kwa pamoja, na nje baraza nzima ikapiga vigelegele. Bwana Sadick akaomba kiti, akapewa kitumbua, na alipokimaliza akaandika kwamba Kipandeni muuguzi mmoja hatoshi.

Kabla ya mwaka kwisha walikuja wauguzi wawili, Taufiki na Mwanahalima, na Mwanahalima ni mzaliwa wa Baleni, hapahapa Mafia, hana mama bara wa kuugua ghafla, na ujenzi wa wodi ya wazazi ukaanza. Dawa bado zinakwisha na gari la wagonjwa bado linakwama, sitawadanganya mbele ya jeneza, lakini mlango haukufungwa tena.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi Septemba 2023, akatibiwa Dar es Salaam, akarudi kazini akiwa hana nywele na akiwatania waliomshangaa, na tarehe 3 Agosti 2025, Jumapili, alifariki nyumbani kwake Kipandeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, huku Isdory na watoto wakiwa kando yake. Aliagiza azikwe hapa, na ndugu wa Mbinga tumekubali, ingawa haikuwa rahisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilindoni na Dar es Salaam, watumishi wenzake, walimu wanaofundisha na Isdory, majirani mliopika na mliochimba, na Bi Somoe, ambaye usiku wa msiba alitandika mashuka yake yote na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Jana kijiji kilipendekeza zahanati ifungwe leo ili wote wamsindikize, na Isdory, yule mpole, alikataa kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Taufiki yuko hapa nasi, amebeba shada, na Mwanahalima yuko kazini, amenitumia ujumbe nikiwa nimesimama hapa, mama kutoka Bweni amejifungua salama, mtoto wa kike.

Dada Laurencia, lala kwa amani, usiamke kuusikiliza mlango, mwenzako yupo.